Picha za ndani ya nyumba ya zamani: nataka giza lenye mudi, napata kijivu tu

Kivuli_cha_Mwembe:

Wakuu habari za jioni, naomba wajuvi wa picha humu mnisaidie kidogo. Nimepata kijikazi cha kupiga nyumba ya wageni pale Mji Mkongwe, Zanzibar, ni nyumba ya zamani kweli kweli, kuta nene, dari la boriti, vidaka vya ukutani, kuna kitanda cha samadari na kasha lile la njumu za shaba. Mwenye nyumba kaniambia hataki zile picha nyeupe pee za hotelini, anataka mtu akiona asikie utulivu, yaani giza giza hivi, mwanga unaingia kidogo dirishani, basi.

Sasa shida ni hii, nikipiga kawaida chumba chote kinakuwa cheupe hakuna hata kivuli. Nikirudi nyumbani nikishusha eksposha (kiasi cha mwanga) kwenye Lightroom, ile programu ya kuediti, ukuta unageuka kijivu kichafu, kitanda kinapotea, picha inakufa. Nikiongeza kontrasti mbao zinakuwa na rangi ya machungwa ya ajabu. Halafu nimeangalia video za wazungu wote wanasema tafuta dirisha la kaskazini mwanga wake ni laini, nimelitafuta nimelipata, jua linaingia mpaka juu ya kitanda!

Ninayo kamera ya kropu (yenye kihisi kidogo) na lenzi ile iliyokuja nayo ya milimita 18-55, tripodi ipo, na simu. Fleshi sina na sina mpango wa kununua. Nianzie wapi, kwenye kupiga au kwenye kuediti?

Mtoto_wa_Shangani:

Sikiza ndugu yangu, hilo la dirisha la kaskazini liache kabisa, hiyo ni sheria ya kwao Ulaya ambako jua la mchana mwaka mzima linapita upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini halipigwi na jua. Sisi Unguja tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko kaskazini yetu, ndo maana limekulalia kitandani. Miezi hiyo tafuta dirisha la kusini, ikifika Disemba unageuza. Na kama nyumba imebanwa na vichochoro kama zilivyo nyingi za mjini kwetu basi hata hilo lisikuumize kichwa sana, maana jua lenyewe halifiki chini, linapiga ukuta wa jirani huko juu halafu linakurudia dirishani limeshapoa. Huo ndo mwanga wa kuutafuta. Saa tatu, saa nne asubuhi, au saa kumi jioni, kaa tu chumbani uangalie ukuta wa jirani umewaka upande gani.

La pili ni hizo kuta. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa nyeupe ina tabia ya kurudisha mwanga. Ukifungua madirisha matatu na mlango, mwanga unaingia huku unadunda kule unarudi hapa, sasa kivuli kitatoka wapi? Hapo hata uediti mpaka asubuhi hupati kitu. Funga madirisha yote ubakishe moja. Mlango funga. Taa zima zote, hata ile ya chooni inayopenya chini ya mlango. Utaona chumba kinajipanga chenyewe, upande mmoja unang'aa, upande wa pili unazama taratibu. Na ule unene wa ukuta, karibu nusu mita, unakusaidia maana mwanga unakuwa umeshabanwa kabla haujaingia ndani, hausambai ovyo.

Ikiwa upande wa kivuli bado mweupe mweupe, tundika kitu cheusi nje ya fremu upande ulio mkabala na dirisha. Mimi natumia buibui la zamani la mama watoto, nalining'iniza kwenye kamba au juu ya mlango wa kabati, na likiwa moja halitoshi naazima la dada yake. Ile chokaa ikifunikwa hairudishi tena mwanga, ule upande wa kitanda unaingia giza lake la asili. Watu wananiuliza nimeediti kwa programu gani, kumbe buibui.

Mzee_wa_RAW:

Mkuu Shangani kamaliza nusu ya kazi, mimi niongezee huku kwenye kamera na kompyuta.

Kwanza naomba uniambie unapiga RAW (data ghafi ya kamera) au JPEG (picha iliyokwisha kubanwa) maana hukusema. Kama ni JPEG acha leo leo. JPEG ina biti 8, yaani ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, ukianza kuvuta vuta kwenye sehemu za giza ukuta unakatika mistari mistari. RAW hata ya biti 12 ina ngazi 4,096, ya biti 14 ni 16,384, hapo una nafasi ya kucheza.

Halafu watu wengi wakisikia picha ya giza wanapiga giza. Hapana. Piga yenye mwanga wa kutosha, angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, sogeza kulia mpaka kabla tu ya kugonga ukingo, kitu kisichotakiwa kuungua, yaani kupotea kwenye weupe, ni ile shuka nyeupe au fremu ya dirisha iliyopigwa na mwanga. Giza utalitia baadaye mezani. Ukipiga giza halafu ukataka kufufua kona yenye kasha zitatoka chembechembe za rangi, na za kamera ya kropu ndo usiseme. Tripodi unayo, sasa ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) ya 1600 ya nini? Weka ISO 100, tundu la lenzi f/8, acha shata ifunguke sekunde nzima hata mbili, na tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. PANGABOI ZIMA, na chandarua kama kipo kifunge vizuri maana kwa sekunde mbili kikipepea kinatoka ukungu. Saa nyingine huo ukungu ni mtamu lakini uutake mwenyewe.

Sasa kuhusu kijivu chako. Ukishusha eksposha unashusha kila kitu pamoja, na ile nyeupe ya dirisha inashuka nayo, kwa hiyo kwenye picha nzima hakuna hata sehemu moja inayoliambia jicho kwamba hapa ndipo mwanga ulipo. Jicho likikosa hiyo sehemu halioni giza, linaona uchafu tu. Ndo siri yenyewe hiyo, giza linahitaji kitu kimoja kinachong'aa. Kwa hiyo eksposha iache, nenda kwenye kurva, ule mstari wa kupanga mwanga na giza, shika katikati uvute chini, halafu weka nukta nyingine juu kulia uibane pale pale isishuke. Shuka itabaki nyeupe, ukuta utashuka, kona zitazama. Ikiwa dirisha limezidi kuwaka shusha Highlights (sehemu zenye mwanga mkali) kidogo, kidogo tu, usije ukarudi kwenye kijivu kile kile.

Mbao kuwa machungwa ni kwa sababu ukikaza kontrasti kwa kurva ya kawaida ukolezi wa rangi unapanda nao, na mbao za zamani tayari ni nyekundu njano. Malizana na kontrasti kwanza, kisha nenda kwenye rangi moja moja, chukua ya machungwa na ya njano upunguze ukolezi, na ya machungwa uishushe mwanga pia, mlango utaanza kuonekana kama mti uliokaa miaka na sio soda ya chungwa.

Mwisho hapo, ile slaida ya kutia giza la duara pembeni mwa picha usiiguse. Mwanga wako unatoka upande mmoja, duara linatoka wapi? Tumia maski ya mstari, ile inayotia giza linalofifia taratibu, anzia upande usio na dirisha uvute kuelekea kwenye mwanga, ushushe kidogo. Nyingine itoke darini ishuke, maana boriti zilizopakwa chokaa huwa zinavuta macho juu. Ukifuata njia ya mwanga hakuna atakayejua umegusa.

BintiKisauni:

Haya nyote mumeongea mwanga na kompyuta, hakuna aliyeuliza amesimama wapi na kamera 😅

Mimi niko Mombasa, napiga sana nyumba za Old Town na Lamu pia nimepiga, zile vyumba ni refu na nyembamba, kwa sababu upana wake ulikuwa unaamuliwa na urefu wa boriti, mita mbili na nusu hivi, haifiki tatu. Mtu akiingia humo cha kwanza anatafuta lenzi pana ionyeshe kila kitu, na hapo ndio mudi inakufa, kwa sababu lenzi pana inavuta madirisha yote ndani ya picha na chumba kinaonekana uwanja wa mpira. Hio 18 yako, ile pana, usiitumie sana, weka kwenye 28 au 35, rudi nyuma hadi nje ya mlango kama inawezekana, na upige kupitia mlangoni. Ubao wa mlango ukiwa giza mbele, chumba chenye mwanga mdogo nyuma yake, tayari uko na tabaka mbili na hujaediti chochote.

Dirisha lenyewe si lazima lionekane bana. Liweke nje ya fremu, kushoto au kulia, uache mwanga wake tu uingie. Dirisha likiwa ndani ya fremu mchana, tofauti ya mwanga wa nje na kona ya chumba ni kubwa mno, itabidi upige picha mbili uziunganishe, moja ya dirisha na moja ya chumba, na hio kuunganisha ikifanywa vibaya inaonekana feki hata ukiwa kilomita mbali. Na usisimame na dirisha mgongoni, hapo kila kitu kinapigwa mwanga usoni kinakuwa bapa. Simama upande wa kivuli utazame kuelekea mwanga unakotoka, kwa pembeni. Nguzo ya kitanda itakuwa na ukingo mwembamba wa mwanga na upande wake mwingine giza, njumu za kasha zitametameta moja moja.

Tena hesabu umbali. Dirisha dogo, kitu kikiwa mita 2 kutoka dirishani halafu ukakisogeza mita 4, mwanga unabaki kama robo hivi. Kwa hivyo kama mwenye nyumba anakuruhusu kusogeza vitu, leta kile unachotaka kionekane karibu na dirisha, na kile hutaki kionekane (friji, waya za feni, ule mtungi wa plastiki) sukuma mbali, giza lenyewe litakimeza. Na toa vitu! Kuna mchoraji wa Denmark, Vilhelm Hammershøi, aliishi Copenhagen mtaa wa Strandgade nambari 30 kuanzia 1898 hadi 1909 na alichora hio nyumba yake mara nyingi ajabu, mlango umefunguliwa, meza moja, ukuta mtupu, saa nyingine mkewe amekupa mgongo. Rangi karibu zote ni kijivu na kahawia. Tafuta hizo picha zake uzitazame polepole, uone vile ukuta mtupu ndio unabeba kazi. Wewe chumba cha kwenu kina kitanda, kasha, kioo, mito minane, mkeka, jagi la maua ya plastiki... jicho litatulia wapi?

Kamera weka usawa wa kifua au chini kidogo, na iwe wima sawasawa, usiiinamishe. Kuta zikianza kuangukiana ndani mudi yote inaisha, mtu anaona kosa tu.

dalali_wa_vyumba:

Mnamdanganya kijana. Mimi ndo napangisha vyumba kwa wageni, sio msanii. Mgeni anatafuta chumba akiwa kwenye daladala au kwenye basi huko kwao, picha kwenye ukurasa wa kutafuta ni ndogo ukubwa wa stempu, ikiwa ya giza anaona doa jeusi tu anapita. Na wengine wanafikiri chumba hakina dirisha au kina unyevu, na kwa nyumba za Mji Mkongwe hilo la unyevu ndo swali la kwanza la mgeni. Giza giza zenu pelekeni kwenye maonyesho.

Mtoto_wa_Shangani:

@dalali kwani nani kasema zote ziwe giza, mteja mwenyewe ndo kataka hivyo, isitoshe nyumba ikiwa nyeupe kwenye picha halafu mgeni akafika akakuta chumba cha kivuli, lawama ataibeba nani? Nyumba hizi zilijengwa ziwe na kivuli, joto la hapa mtu anataka kivuli.

dalali_wa_vyumba:

Sawa, lakini picha ya kwanza iwe na mwanga. Hapo sirudi nyuma.

simu_tu_inatosha:

Mm sina kamera niseme upande wa simu kwa sababu jamaa kasema anayo pia. Simu nyingi sasa hivi zinafufua vivuli zenyewe bila kukuuliza, ile HDR, na ile mode ya usiku ndo balaa inageuza usiku kuwa mchana, kwa hiyo zima zote mbili kama simu yako inakubali. Gusa pale kwenye mwanga mkali, ushikilie mpaka ijifunge, halafu telezesha kidole chini kile kijua kishuke, chumba kizame. Ukitaka zaidi tumia kamera iliyo ndani ya Lightroom ya simu, kama simu yako inakubali inapiga DNG ambayo ni RAW, na hulipii. Kuediti Snapseed inatosha, ina kurva pia na ni ya bure, yale maelezo ya Mzee wa RAW yanafanya kazi humo humo.

Ila jambo moja mnalisahau, mwangaza wa skrini. Mkiediti usiku chumba kina giza na skrini imewashwa mpaka mwisho, picha inaonekana tamu, kesho mteja anaifungua juani Forodhani haoni kitu. Shusha skrini nusu, zima ile ya kujirekebisha yenyewe, halafu itazame na mchana kabla hujatuma. Ya kuprinti ndo kabisa, karatasi haina taa nyuma, kwa hiyo fungua mwanga zaidi ya unavyoona kwenye kompyuta na uprinti kwanza kipande kidogo cha majaribio.

Kivuli_cha_Mwembe:

Aisee asanteni sana wakuu, humu kuna madini. Mzee wa RAW ndio napiga RAW ila nilikuwa sishiki kurva kabisa nahangaika na slaida za juu tu. Maswali mawili. Moja, mwenye nyumba ana taa ya kuning'inia ya shaba yenye vitobo vitobo, anaipenda sana anataka iwake kwenye picha, sasa nikiiwasha na mwanga wa dirisha upo rangi zinagombana, huku buluu huku njano. Mbili, nilimtumia sampuli kwa WhatsApp zikafika ukuta una mistari mistari kwenye giza na kwangu haina.

Mzee_wa_RAW:

La taa. Balbu ya njano ya LED ni kama kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 mpaka 3000, mwanga wa dirisha ni 5500 na kwenye kivuli cha kichochoro inapanda zaidi ndo maana unaona buluu. Hazipatani na usilazimishe zipatane. Amua dirisha ndo bwana mkubwa, weka waiti balansi, ule mpangilio wa rangi ya mwanga kwenye kamera, kwenye mwanga wa mchana au ushuke kidogo kama 4800, taa iache iwe ya machungwa, ikiwa moja na ndogo inapendeza sana kwenye chumba cha baridi. Shida inakuja zikiwa taa tatu, au balbu ikiwa ile nyeupe kali, hapo chumba kinatoa kijani fulani hivi kama cha wadi. Kama balbu ni nyeupe mwambie abadilishe, elfu chache tu dukani. Na usipige saa sita mchana, taa haitaonekana imewaka. Subiri magharibi, kuna dakika chache pale mwanga wa dirisha na wa taa vinakaribiana nguvu, weka tripodi mapema, kamera isiguswe, piga moja kila baada ya dakika mbili mpaka kiza kiingie, utachagua nyumbani. Zile nuru za vitobo ukutani ndo zitakuwa picha yenyewe, sogeza samadari zipite juu yake.

La WhatsApp, ile inabana picha, na inapobana sehemu za giza zinazobadilika taratibu ndo zinaumia kwanza. Tuma kama dokumenti. Na kabla ya kuhifadhi ongeza chembe za filamu kidogo, ile slaida ya Grain, kumi au kumi na tano hivi inatosha, zinavunja ile mistari na ukuta wa chokaa unapata uhai, maana ukuta uliolainishwa sana unafanana na plastiki.

BintiKisauni:

Na mwenye nyumba akisema taa ibaki na balbu yake nyeupe kwa sababu ndio amenunua juzi, usibishane naye, izungushie kikaratasi cha njano ndani, si ile ya pipi, ile ya kufungia maua, kwa LED haiungui kwa dakika hizo chache. Ikiwa ni balbu ya zamani ya waya usijaribu, inapata moto.

Mbona hujasema analipa ngapi lakini 👀

Kivuli_cha_Mwembe:

Hahaha dada hayo tuyaache. Kikaratasi nitatafuta, naenda tena Jumamosi na magharibi nitaisubiri humo humo chumbani, nimeshaomba funguo. Nitaweka picha hapa, na ya kwanza nitaifanya yenye mwanga ili dalali apumue.

dalali_wa_vyumba:

Na picha ya choo usisahau. Mgeni anaangalia choo kabla ya kitanda.